Neno Moja Kwenye Mazishi ya Bibi

Lowri, usipige. Nimechoka hata kuongea, acha niandike.

Nimetoka kwenye simu na yule mama wa ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Si unajua sijafika miaka ishirini na tano, kwa hiyo wanaangalia kipato cha mama, labda nithibitishe kwamba hatuna mawasiliano mwaka mzima. Barua ya mwalimu Eirwen ya kuthibitisha hilo nilishapeleka. Nikajua yamekwisha.

Akauliza, "Katika miezi kumi na miwili hii, umewahi kuongea na mama yako?"

Si ningesema hapana tu! Mdomo wangu huu. Nikasema mara moja, kwenye mazishi ya bibi kule Bangor.

"Alisema nini?"

Eti alisema nini! Nikamwambia alinipita na sahani ya mikate, akaniuliza, "Umekula?"

"Na wewe ulimjibu?"

Nikasema nilimjibu. Nilisema ndiyo.

Nikamsikia anachapa. Neno moja, Lowri, na anachapa weee! Halafu kwa upole kabisa: "Pole, binti. Basi mama yako ajaze fomu ya kipato, au utuandikie maelezo ya mawasiliano hayo."

Mawasiliano! Miaka mitatu tangu anifungie mlango, neno moja, leo ni mawasiliano.

Sasa nimekaa na karatasi hapa, sijui nianzie wapi. Maana hata hilo neno lilikuwa uongo. Nilikuwa sijala tangu jana yake.