Mlima Nyuma ya Pazia

Yaya Philomène, dada yangu mkubwa,

Watoto hawajambo huko? Samaki ulionifungia waliisha siku ya kwanza, lakini hasira yangu ya leo haitaisha hata nikirudi huko kwenu Pweto.

Sisi walimu wa fizikia tulikusanywa chuoni kumsikiliza profesa, mtoto wa hapa hapa Lubumbashi aliyesoma Ulaya. Alituonyesha kipunje cha almasi chenye atomu ya germanium ndani: ikimulikwa kwa leza, inatoa mwanga chembe moja moja. Akafunga mapazia, maana mwanga wa jua ungezimeza chembe hizo. Nikamuuliza germanium inatoka wapi.

"Tunaletewa kutoka Ulaya, mama. Huku haiko."

Haiko! Na nkambo wetu, aliyemzaa mama, alimaliza mapafu yake akimwaga takataka za tanuru la shaba juu ya mlima ule mweusi, ambamo leo wanachota germanium hiyo hiyo! Nikavuta pazia, jua likaingia. Mashine yake ikapiga kelele, naye pia.

"Mama, unaharibu kipimo!"

"Angalia dirishani, Professeur. Iko inatoka pale."

Geuza kadi hii, yaya, uone picha ya huo mlima. Mungu awalinde wote. Ukipita kwenye kaburi la nkambo, mwambie pazia nimelifungua.

Mdogo wako, Béatrice