Tobiti Ndani ya Kochi

Kwa Fundi Makochi,
Mtaa wa Nyuma ya Stendi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu kuliko maneno niliyokwambia tangu nizaliwe. Hujambo? Mkaza mjomba hajambo? Goti lake sasa linamruhusu kupanda zile ngazi za kanisani? Na mapacha, wameshapatana kuhusu kiti cha dirishani au bado ni vita? Huku sisi sote ni wazima. Mimi nilishikwa na mafua, yameniacha.

Najua unachotaka kusikia kwanza ni macho ya Bibi. Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wa jicho, na bandeji imefunguliwa. Kitu cha kwanza alichokiona ni uso wangu, akasema nimekonda. Nesi akacheka, akasema basi hilo jicho limepona. La kushoto daktari ameliwekea siku mwezi ujao.

Bibi ameniagiza nikuandikie mara mbili, na maneno ya mara ya pili siyo ya mara ya kwanza. Hii unayoisoma ni ya pili. Ile ya kwanza haikufika posta, na nitakueleza sababu. Nilishauri tukupigie simu, akakataa. Anasema simu husahau, barua haisahau.

Kuhusu mimi, wakati nasubiri matokeo ya mtihani najifunza kazi katika karakana ya Baba Mdogo. Najua sasa kuvuta mikanda ya mpira chini ya kiti mpaka ilie kama ngoma, na kukata sponji bila kuitafuna. Kazi hii inanifaa, kwa sababu kochi haliulizi mtu maswali.

Maswali yako nyumbani. Nadhani hujawahi kuona desturi ya nyumba hii, kwa hiyo nikueleze. Jioni, vyombo vikishaoshwa, Baba Mdogo husoma sura moja ya Biblia, kisha kila mtu husema maneno yale yamemwambia nini. Hakuna anayerukwa. Ukinyamaza, wanakungoja. Kwetu nilizoea kusikia masomo kanisani na padri kutufafanulia, nami narudi nyumbani nimeridhika. Hapa naulizwa mimi, Mjomba! Mimi ambaye mnaniita Kimya, na hata dukani huonyesha kwa kidole.

Jioni ya kwanza tulisoma habari za malkia Yezebeli, alivyotupwa dirishani na mbwa wakamla. Baba Mdogo alipofunga kitabu, mdomo wangu ukaitikia wenyewe kwa mazoea ya Misa, tena kwa sauti: "Tumshukuru Mungu!" Mama Mdogo, ambaye alikulia katika mazoea yaleyale, alicheka mpaka akalalia meza. Baba Mdogo akaniuliza taratibu, "Unamshukuru kwa ajili ya malkia, mwanangu, au kwa ajili ya mbwa?"

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa Bibi alipofika. Alinisimulia ulivyomwambia pale alipopanda basi: "Wakianza tu mambo yao ya dini, Mama, niarifu. Nauli itafika siku hiyohiyo." Sikulaumu. Tangu Mama Mdogo aolewe na kufuata kanisa la mumewe, wewe hujakanyaga hapa, na Bibi naye hakuwa amewahi kulala chini ya paa hili. Mama Mdogo alitandika kitanda cha Bibi, akakitandua, akakitandika tena. Nilipomwambia kilikuwa kizuri tangu mwanzo alisema, "Nyamaza wewe, humjui mama yangu."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Sisi tukisoma, Bibi alikuwa chumbani na rozari yake, mlango umerudishwa nusu. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyeufunga ule mlango.

Matata niliyaleta mimi. Baada ya upasuaji, Bibi akiwa bado na bandeji, aliniomba nimsomee habari za Tobiti, yule mzee aliyepofuka na mwanawe akamponya kwa nyongo ya samaki. Aliwahi kuisikia kanisani, na sasa macho yake yaliikumbuka. Nikachukua Biblia ya Baba Mdogo. Nilijua kwamba Tobiti anafuata baada ya Nehemia. Nikafunua: baada ya Nehemia nikamkuta Esta. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, Tobiti hayupo.

Unacheka, najua. Lakini mimi sikujua kwamba Biblia yao ina vitabu vichache kuliko yetu. Kwetu Biblia ilikaa juu ya kabati, imefungwa kitambaa kizuri, na mimi niliipangusa vumbi tu. Kilichonijia kichwani ni kwamba kurasa zimechomoka. Na jana yake nilikuwa nimeisoma Biblia hiyohiyo wakati wa mapumziko, nimekalia kochi la mwenye duka la dawa kabla Baba Mdogo hajalifunga. Nikajua: Tobiti amedondokea ndani, na fundi amempigilia misumari juu!

Nikalipindua lile kochi. Nikang'oa misumari, nikachana kitambaa cha chini, nikaingiza mkono mpaka begani. Nikapata kijiko na pini ya nywele. Baba Mdogo akaingia akiwa na gundi mkononi.

"Unatafuta nini huko?"

"Tobiti."

"Tobiti ndiye nani? Mteja?"

Nilipomweleza, hakunigombeza kwa ajili ya kochi. Alisema tu kwamba katika Biblia yake haijatoka hata karatasi moja, na kwamba kitabu hicho hakimo kwa sababu hakikupaswa kuwamo. Kwa bahati mbaya Bibi alikuwa anakuja akipapasa ukuta, akasikia.

"Kumbe ni kweli! Mmempunguzia Mungu maneno!"

"Hapana, Mama. Nyinyi mmemwongezea."

"Nyinyi nani? Mimi nilikuwapo? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mkwe wangu."

"Na kuuliza si ujinga, Mama."

Walisema mengine, lakini hayo ndiyo yaliyochoma. Bibi akarudi chumbani, akaniambia nimfungie sanduku na nikuandikie utume nauli. Nikasema, "Bibi, na jicho la pili?" Akasema ataonana na Mungu kwa jicho moja. Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Hakusema neno. Mjomba, mimi ni mtu wa kunyamaza, nazijua aina za kunyamaza. Ule ulikuwa wa mtu anayeona mama yake anaondoka na hatarudi tena.

Niliandika barua. Lakini ilikuwa Jumamosi jioni na posta imefungwa, nami nikashukuru kwamba si kosa langu.

Kesho yake, baada ya Misa, nilimsubiri katekista mpaka uwanja ukabaki mtupu. Nikamwomba aniazime Biblia, nikamweleza yote, hata kijiko. Padri akapita akasikia. Nilidhani ataniambia mambo haya si yangu. Akasema, "Soma, mwanangu. Ila usisome kama mtu aliyejifungia chumbani. Wengi wamekitunza kitabu hiki kabla yako, nao uwasikilize." Katekista yeye alinionya nisikunje pembe za kurasa.

Nilimwonyesha Baba Mdogo kabla ya kumwonyesha Bibi, maana ni nyumba yake. Aliifunguafungua, akatazama mshono wake kama fundi, akafikiri sana. Akasema hawezi kukubali isomwe mezani jioni, kwa sababu pale anasoma kile tu anachoamini ni Neno, na yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kusema moja huku na jingine kule. Kisha akasema, "Lakini karakana si kanisa. Humu hata redio huimba itakavyo."

Basi Jumatatu nilimketisha Bibi kwenye kiti kisicho na kitambaa bado, nikamsomea huku Baba Mdogo akigonga misumari upande wa pili. Sauti yangu mwanzoni ilikuwa ndogo kama ya mbu. Tobiti akapofuka kwa kinyesi cha ndege, nyundo ikagonga. Kijana akaanza safari na mwenzake asiyemjua, na mbwa akawafuata, nyundo ikapungua. Samaki akaruka kutoka mtoni, nyundo ikanyamaza.

Nikafikia mwisho wa sura, nikapumzika. Baba Mdogo akauliza, "Na yule mzee? Alipona?"

"Sogea usikie vizuri," Bibi akasema. "Huko kwenye misumari utaambulia nusu."

"Nasikiliza kama hadithi tu, Mama."

"Sikiliza upendavyo. Masikio ni yako."

Walibishana tena, lakini safari hii wamekaa. Bibi alimuuliza hesabu ya vitabu vyake imeandikwa katika ukurasa upi wa Biblia, na kama haikuandikwa, nani alimwambia kama si wakubwa waliomtangulia? Baba Mdogo alikuna kichwa. Naye akamuuliza, mkubwa akikosea, mtu asiyesoma atajuaje? Bibi akavuta kipande cha uzi kwenye kiti. Mwishowe akasema, "Endelea kusoma, Kimya. Mkwe wangu huyu anataka kujua kama mzee alipona."

Sikuona nani alishinda. Nilichoona ni kwamba kila mmoja alikuwa na swali ambalo mwenzake hakulitupa. Nami nimejifunza kitu: sisi tunaogopa kupotea tukiwa peke yetu na kitabu, na wao wanaogopa kupotezwa na watu. Hofu hizo mbili zinaweza kukaa karakana moja. Usiwe na wasiwasi, Mjomba, mimi bado ni Mkatoliki, na Jumapili natoka na Bibi mkono kwa mkono. Ila sasa nasoma mwenyewe pia, na nikikwama nauliza.

Jioni ya Jumatano, bandeji ilipotoka, tulikaa mezani kama kawaida. Tukasikia mlango wa chumbani unafunguliwa. Bibi akaja, akavuta kiti, akakaa karibu na binti yake. Baba Mdogo akasoma habari za Ruthu na mkwewe njiani. Zamu ikazunguka ikafika kwa Bibi, na hakuna aliyejua kama tumngoje au tumruke.

Akasema, "Maana yake kamili anaijua padri." Tukadhani amemaliza. Akaendelea, "Lakini nilivyosikia mimi, yule mama mkwe alitaka kwenda zake peke yake na uchungu wake. Watu wake ndio waliokataa kumwacha." Akamtazama Mama Mdogo kwa lile jicho jipya, kwa muda mrefu. Mama Mdogo akainuka kwenda kutazama birika jikoni. Birika halikuwa motoni, Mjomba. Lilikuwa hapo mezani mbele yetu.

Asubuhi Bibi akaniita, akaniambia niichane ile barua na niandike nyingine. Maneno yake ni haya: usitume nauli. Atabaki mpaka jicho la kushoto lipone. Na likishapona, hatapanda basi peke yake. Anataka uje umchukue wewe mwenyewe, na usije ukasimama nje ya lango ukapiga honi. Uingie, ule, ulale. Mama Mdogo ameshaanza kutandika na kutandua.

Nisalimie sana mkaza mjomba, mapacha, na shangazi wa jirani yenu aliyenishonea sare ya shule. Kochi la mwenye duka la dawa nimelifunga upya kwa mikono yangu, na mwenyewe amelisifu. Kijiko tumemrudishia.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akulainishie moyo uje.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye ingawa sisemi,

Kimya