Makofi Niliyoyapokea Hasamba

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, na nakuandikia nikiwa nimejificha stoo ya kahawa hapa Hasamba, maana jambo lenyewe ni aibu tupu na sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Mke wangu anapiga gita la umeme, na nikisema anapiga sijui nikueleze vipi, vidole vinakwenda mpaka macho yanashindwa kuvifuata, halafu ghafla anaiacha noti moja inalia peke yake na wewe unaacha ulichokuwa ukikifanya. Alijifunzia kwenye kwaya kwao Ibaba, na tangu nimuoe, huu mwaka wa sita, amesharekodi albamu mia moja na arobaini, zote jikoni, spika juu ya gunia la mahindi, na kila albamu anaipa jina la kilichotokea siku hiyo, ya sitini na tatu inaitwa Maharage Yameungua, na yaliungua kweli, tulilala na chai. Nyimbo zake ziko kwenye memori kadi mpaka Kamsamba, na Wazambia wanazifuata Tunduma.

Tatizo ana haya ya watu. Harusi ya kwanza kualikwa alivaa vazi langu la kurinia asali, lile la kofia ya wavu, maana tunalingana urefu, akapiga mpaka wazee wakapanda juu ya mabenchi, akaja kulivua nyuma ya turubai nilikokuwa naangalia jenereta. Mimi nikatoka na gita mkononi niende kulihifadhi, watu wakalipuka, Zabron, Zabron, na mshauri, nikapunga mkono. Ikawa ndiyo hivyo miaka minne, yeye anapiga, mimi natoka na gita, yeye anatokea upande wa pili na beseni la vyombo. Baba yangu mzee Yesaya anajisifu kanisa zima.

Sasa amekuja Mbonile, mwandaaji wa tamasha la Tunduma, anataka nipige Jumamosi ijayo bila kofia, uso uonekane. Mimi najua nyimbo mbili tu za kwaya, tena kwa kubahatisha. Nikakubali, kwa sababu watu walikuwa wanasikia. Nilipomweleza mke wangu hakugomba, alilitundika gita msumarini akasema, "Nenda, baba Lusubilo. Uso wanaoutaka ni wako." Leo siku ya kumi na moja hajaligusa, nyumba kimya mpaka nasikia kuku wakidonoa, na naogopa asije akaacha kabisa. Nimefikiria kujifunga bandeji kidoleni niseme nimejikata. Niambie niseme nini.

Zabron, Hasamba.

JIBU LA SHANGAZI KETRINA

Zabron, bandeji iache. Kidole chako hakina kosa.

Hapo kwenye maharage nimecheka, sikufichi. Albamu hiyo ninayo kwenye simu, naisikiliza nikipika, na miaka yote nimekuwa nikikuvulia kofia wewe. Kumbe! Naona unampenda, maana asiyependa hawezi kueleza noti moja namna ulivyoieleza. Lakini mwenzio alificha uso tu, hakukugawia kazi yake. Na mtu aliyepiga albamu mia na arobaini akinyamaza siku kumi na moja, ujue umemuumiza sana.

Halafu kuna kitu hujakiona. Umenitajia baba yako, mwandaaji, mtoto, hata albamu ya maharage umeitaja kwa jina. Jina la mwanamke anayepiga gita sijaliona. Nimesoma barua mara tatu nikilitafuta, hata mama Lusubilo hukumwita.

Leo kabla hujala kamwombe radhi, bila kuongeza "lakini". Muulize kama anaridhia atajwe, na lolote atakalosema ndilo litakalokuwa. Kesho mweleze mzee Yesaya, kisha mpigie Mbonile, na fedheha uimeze mwenyewe. Akiridhia kupiga, apige na kofia yake akitaka, hilo halikuhusu. Wewe utapanda jukwaani kwanza, utataja jina lake na la baba yake wa Ibaba, utashuka ukaangalie jenereta.

Makofi yakianza, Zabron, usipunge mkono.