Maneno ya Severini kwa Mpishi

Jumatatu, 5 Mei

Dawa za asubuhi zimeisha saa mbili na nusu. Wakazi wote kumi na wanne wamekula, mmoja kagoma kuoga. Mvua tangu alfajiri, ua mzima matope. Mfagizi hajafika, nimepiga deki mwenyewe.

Nikampigia Leokadia wa Katindiuka, dada yake Severini, kumkumbusha kikao cha Ijumaa. Hapa kwetu, nyumba ya wanaopona maradhi ya akili, mtu hukaa miezi kumi na minane, basi. Ya Severini imekwisha. Ama arudi kwa dada yake, ama apelekwe hospitali kubwa ya mbali, na waliopelekwa kule sijaona aliyerudi.

Leokadia analia. Mumewe, Baba Deo, alikuwa amekubali. Sasa kakataa. Wamesomewa taarifa ya mwenendo: Severini anatishia kuua. Baba Deo anasema ana watoto ndani. Simlaumu. Severini alipougua aliwavunjia mlango kwa mpini wa jembe.

Taarifa hiyo niliiandika mimi.

Jumanne, 6 Mei

Nimetoa faili. Mwandiko wangu wa Januari, nikiwa na wiki tatu tu Ifakara: "Mkazi amemtishia mpishi mara tatu kwamba atamuua na kumzika bila sanda."

Zaidi ya hapo hakuna kitu. Sindano hajakosa hata moja. Anapasua kuni bila kuambiwa. Kila siku ananiuliza habari za mpunga, maana umeanza kukomaa na dada yake hana wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, anaomba ruhusa kama mtoto wa shule.

Nimemuuliza usoni: kwa nini ulimtishia mpishi? Kacheka. "Madamu, si Mama Komba huyo?" Akaona amenijibu. Nimekasirika, nikafunga faili.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda jikoni makusudi, nikakaa kuchambua mchele. Severini kaingia na mzigo wa kuni. Hata hajautua, Mama Komba kamrukia: "We Mpogoro, bado hujafa tu? Watu nimeshawaalika!"

"Tangulia wewe Mngoni. Mkeka wa kukuzikia ninao, umetoboka katikati."

Wakacheka wote wawili. Mama Komba akafunua bakuli, akampa ukoko wa wali aliomfichia.

Severini alipotoka nikauliza. Mama Komba kaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, yule mtani wangu. Wapogoro na Wangoni ni watani. Mume wangu alipofariki, Wapogoro ndio walionichekesha msibani. Wewe hujui?"

Utani naujua. Wa kupokonyana kofia, wa kuitana wala nini sijui. Huu wa kuzikana mchana kweupe sikuukuta nilikokulia Karagwe. Na fomu zetu hazina mahali pa kuandika kabila, ni vizuri zisiwe napo. Kwenye karatasi alikuwa "mpishi" tu. Lakini mdomo ninao, ningeuliza. Miezi minne mtu anabeba jina la muuaji kwa sababu ya uvivu wangu wa kuuliza.

Nimejichukia mchana kutwa. Haisaidii. Kesho nafuta nilichoandika.

Alhamisi, 8 Mei

Meneja hataki. Anasema taarifa iliyosainiwa ikikanushwa na mwenyewe, tutaonekana tunabahatisha. Niseme tu kwamba Severini "ameimarika". Nimekataa. Kuimarika maana yake alikuwa anatishia kweli, akaacha. Hakuwahi kutishia mtu. Nimeandika barua ya kusahihisha, nimesaini, nimempa nakala. Hakuniaga nilipotoka.

Mchana Katindiuka kwa bodaboda. Baba Deo kaitikia salamu, kiti hakunipa. Nimemweleza ugonjwa, sindano, dalili, karibu nusu saa, nimesimama juani. Uso haukusogea. Nikasema kwamba aliyeambiwa atazikwa ni mpishi wetu, mama mmoja Mngoni.

"Mngoni? Mngoni wa Songea?"

Kacheka mpaka kakaa chini. Leokadia naye huko ndani kacheka. Nusu saa yangu yote ya kitaalamu, kumbe neno moja. Kiti kikaja.

Halafu akaacha kucheka, akauliza kuhusu mlango. Hapo sikuwa na utani wa kumpa. Nikamwambia kweli: ugonjwa unaweza kurudi. Severini akikesha siku mbili mfululizo, anipigie siku hiyohiyo. Akasema Ijumaa atakuja. Hakusema ndiyo.

Ijumaa, 9 Mei

Kikao saa nne. Nimesoma barua kwa sauti. Daktari akauliza ni mangapi mengine nimeyaandika namna hiyo. Ana haki. Nikajibu sijui, nimeanza kupitia mafaili yote. Meneja alikuwa anaangalia meza.

Severini aliulizwa anataka nini. Kasema: kulala kwa dada yangu.

Baba Deo akasimama. "Mlango nilishatengeneza. Aje."

Majaribio ya miezi mitatu. Sindano kila mwezi, mimi kumtembelea kila wiki mbili. Severini kafunga mzigo dakika tano. Mama Komba kampa dagaa wa kwenda nao na matusi ya njia nzima.

Nimechoka. Nimefurahi. Mafaili kumi na matatu yamebaki.

Jumamosi, 24 Mei

Katindiuka, ziara ya kwanza. Severini yuko shambani juu ya dungu tangu asubuhi, anawapigia ndege kelele, koo limemkauka. Analala vizuri. Mikono inamtetemeka kidogo, nitamwambia daktari apime upya dozi.

Fomu ilitaka sahihi ya mkuu wa kaya. Nikamuulizia Baba Deo. Leokadia alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka. Hayupo, kaenda Mahenge msibani tangu Jumatano. Atarudi wiki ijayo.

Nikauliza nyumbani kabaki nani.

"Mimi na watoto. Na kaka Severini."

Kasaini yeye. Nimekula ugali na mlenda, nimeondoka saa tisa.