Usukani Upande Wetu

Moonta, 3 Machi

Mwanangu Rowena,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto na nzi. Natumai u mzima na kazi ya ualimu haijakumaliza. Mimi sijambo, isipokuwa goti, na goti si habari mpya.

Habari mpya ni kwamba lile gari letu halitakuja. Nimeletewa barua. Kiwanda kimeamua kwamba kuanzia sasa kitaunda yenye usukani wa kushoto tu. Sisi wa usukani wa kulia tu wachache duniani, wanasema, hatuwalipi jasho lao. Wakamalizia kwa kunishukuru kwa uvumilivu. Miaka minne jina langu na la mama yako yamekaa kwenye ile orodha yao, mama yako akafa akiwa bado ameorodheshwa, na wao wananishukuru kwa uvumilivu.

Unakumbuka tulivyopanga. Lile refu la umeme, jekundu lililoiva kama bitiruti, mama yako ndiye aliyechagua rangi. Tungevuka nyika nzima mpaka kwako Perth, upande wa pili wa nchi, tulale njiani, tukushtukize mlangoni. Alipotutoka nilikuahidi kwamba gari likifika nitakuja peke yangu, na kwamba kwenye ndege sipandi. Ahadi bado ipo. Itabidi tu nichague gari jingine, na mimi unanijua. Mama yako alikuwa akisema nilimchagua yeye kwa nusu saa na pikapu kwa miezi tisa.

Nitakuwa nakueleza ninavyoendelea. Na tafadhali, andika kwa herufi kubwa. Mwandiko wako ni msafara wa sisimizi.

Ni mimi babako,
Desmond

Perth, 16 Machi

Baba mpendwa,

Hujambo? Na goti? Mimi ni mzima, ingawa watoto wa kidato cha pili wanajitahidi kunibadilisha.

Pole kwa gari. Najua halikuwa gari tu. Nami nilikuwa nalingoja, tena kuliko nilivyowahi kukwambia. Chumba cha nyuma nimekitandika tangu mwaka juzi. Shuka nimezifua mara nne bila mtu kuzilalia.

Ndege kutoka Adelaide ni mwendo wa saa tatu na kitu. Nasema tu, sikulazimishi. Nilipokulazimisha kwenye simu, nikakwambia uuze nyumba uhamie huku, ulikata, na tangu siku ile tunaandikiana kama watu wa zamani. Sijutii barua. Barua hamna anayeikata katikati. Ila nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja, na sauti yenyewe ni ya friji.

Basi chagua gari, baba. Usichukue miezi tisa.

Mwanao,
Rowena

Moonta, 22 Aprili

Mwanangu Rowena,

Salamu. Mvua ya kwanza imenyesha, wakulima wanapanda shayiri, na kila mtu ana sura ya matumaini isiyomfaa. Wewe hali yako?

Nimeanza kazi. Nakwenda Adelaide kila Alhamisi kwa basi, kwa sababu pikapu iko gereji, kuna kipande kinangojwa. Kule kuna duka kubwa linalouza magari ya umeme ya kila kabila. Muuzaji wangu anaitwa Dimitra, mama wa Kigiriki wa umri wako, anaongea bila kituo. Mimi nimekaa kimya mwaka mzima, kwa hiyo tumelingana. Kwanza kahawa, halafu tunazunguka mpaka ufukweni na kurudi.

La Wajerumani: kiti kinakukamata kama cha daktari wa meno. Kile kisanduku cha kuwekea karatasi mbele ya magoti kinafunguka taratibu, kwa adabu, na mshikio wa juu ya mlango umewekwa mahali pake hasa. Lakini halina moyo.

La Waswidi: hili nililipenda. Niliegemeza kiwiko cha kushoto dirishani, upepo wa bahari ukaingia, nikasahau goti. Ila ndani linanuka kama hospitali.

La Wakorea: nimelikataa kabla hatujatoka getini. Likienda polepole lina mlio, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Dimitra anasema umewekwa makusudi ili watu walisikie. Nikamwambia gari la heshima halijitangazi.

Bado moyo uko kwenye lile letu. Lakini natafuta.

Ni mimi babako,
Desmond

Moonta, 30 Juni

Mwanangu Rowena,

Salamu. Sijapata jibu lako la mwezi uliopita, au lilipotea, au umebanwa na mitihani. Mimi mzima, baridi imeingia, nakunywa supu ya pakiti.

Nimejaribu mengine mawili. La Wachina lina skrini pana kama meza ya kunyooshea nguo, na karibu nusu yake imeelekezwa kwangu niangalie sinema. La mwisho ni kubwa, unapanda kama unapanda trekta, na miguu niliinyoosha yote nisiguse kitu. Dimitra ameanza kuniletea biskuti za nyumbani kwake. Anasema hajawahi kuona mteja makini kama mimi.

Alhamisi inakuja haraka. Siku nyingine zinachechemea.

Ni mimi babako,
Desmond

Perth, 12 Julai

Baba,

SALAMU. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA KAMA ULIVYOTAKA, NA KWA SABABU NIMEKASIRIKA.

Nimezitandaza barua zako mezani nikazisoma tena zote. Kisanduku cha karatasi mbele ya magoti. Mshikio wa juu ya mlango. Skrini ya sinema. Miguu uliyoinyoosha isiguse kitu. Hata breki hukugusa, baba? Magari matano, na hujaniambia usukani wa hata moja ulikuwaje mkononi.

Halafu kiwiko cha kushoto dirishani. Kiwiko cha dereva wa nchi hii kinachokaa dirishani ni cha kulia. Chako cha kulia kilikuwa cheusi kwa jua maisha yako yote na cha kushoto cheupe kama mkate, mama alikuwa akikucheka kila tulipokwenda kuogelea. Watoto wote wa wakulima darasani kwetu baba zao walikuwa na mikono miwili ya rangi mbili.

Wewe ulikaa kushoto. Mara zote tano. Kwa nini anaendesha Dimitra? Pikapu ina nini?

Mwanao,
Rowena

Perth, 20 Agosti

Baba,

Natumai unasoma hii ukiwa mzima. Wiki ya tano sasa hujajibu. Nilipiga simu Jumapili mbili, ikalia mpaka ikachoka. Nikampigia mwenye duka la mikate, akaniambia amekuona, unanunua sambusa yako ya nyama kila siku saa sita. Kwa hiyo u hai na huniandikii.

Sikukasirika kiasi hicho. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Rowena

Moonta, 29 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo. Hapana. Tangu ulipokuwa mdogo nilikufundisha kwamba salamu hujibiwa kwa ukweli, basi nikujibu. Si mzima.

Macho, Rowena. Nina doa katikati ya yote mawili, kama mtu amepaka kidole cha siagi kwenye kioo. Pembeni naona kidogo, ninachokitazama hakionekani. Daktari wa Kadina, mji wa jirani, alininyang'anya leseni ya udereva Februari ya mwaka jana. Pikapu haiko gereji. Iko bandani imefunikwa turubai, na wakati mwingine naingia nakaa, upande wa kulia, mikono kwenye usukani. Hakuna anayeniona, kwa hiyo si ujinga.

Utaniuliza nilikuwa nangoja gari la nini. Wakati tunaliagiza walisema siku moja litajiendesha lenyewe. Nilidhani litakuja, nitakaa, litanileta kwako, nishuke kama mtu mwenye macho yake. Halafu wakaandika kwamba limebaki la usukani wa kushoto. Upande wangu hasa, mimi abiria. Nilicheka peke yangu jikoni.

Mara ya kwanza tulikunywa kahawa tu; Dimitra aliijua siri mara ya pili, nilipompa mkono yule mtu wa karatasi ngumu, tangazo tu, anayesimama mlangoni mwa duka na kumwuliza habari za nyumbani. Akasema tu, "Leo naendesha mimi, mzee, wewe kazi yako kusikiliza gari." Na kila Alhamisi akanizungusha. Mwezi uliopita mwenye duka alimkataza. Mteja anayekunywa kahawa miezi mitano bila kununua si mteja, na hajakosea.

Kwa hiyo hata Alhamisi sina tena.

Sikukwambia kwa sababu ungesema nihamie huko, na ungekuwa na haki, na hapa ndipo mama yako alipo. Lakini nikwambie jambo moja linaloniuma kuliko macho. Unajua watu wa huku tunavyosalimiana barabarani, kidole kimoja kinainuka kwenye usukani, basi. Miaka hamsini nimeinuliwa kidole na kila aliyenipita kati ya hapa na Kadina. Nilidhani wananisalimia mimi. Kumbe walikuwa wanasalimia pikapu. Mzee anayetembea kando ya njia na mfuko wa mikate hainuliwi kidole na mtu.

Barua yako ya hasira ndiyo niliyoisoma vizuri kuliko zote. Endelea na herufi zile.

Ni mimi babako,
Desmond

Perth, 14 Oktoba

BABA YANGU,

SALAMU ZANGU ZOTE. Barua yako niliisomea mlangoni, nikakaa kizingitini na mkoba begani mpaka jirani akaniuliza kama nimepoteza funguo.

Umesema ukweli, nami niseme wangu. Ile wiki ya mwisho ya mama nilikwambia ndege zimejaa. Hazikujaa. Niliogopa kumwona vile. Nikaja kuzika. Na ulipoahidi kwamba utakuja na gari, nilishukuru, kwa sababu maadamu gari halijafika sikulazimika kukaa meza moja nawe na kuulizwa. Nilikuwa nafua zile shuka nikiomba uje, na nikiomba gari lichelewe. Aibu hii nimeila peke yangu miaka miwili.

Sasa gari halina tena kuja. Basi nitakuja mimi.

Shule inafungwa tarehe kumi na nane Desemba, nami naondoka siku hiyohiyo. Kigari changu hiki hakiwezi kuvuka nyika, kwa hiyo nanunua jingine, la umeme, la maana. Nimeambiwa kuna kituo huko katikati kinachochaji kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, nitafika nanuka kibanda cha chipsi. Siji kukuhamisha. Nakuja kukaa wiki tano na kukupeleka utakako, kila Alhamisi na siku zote zinazochechemea.

Ila sijui nichague lipi. Wewe umeyakalia yote matano kiti cha kushoto, na ndicho utakachokalia. Nani ana ujuzi kukushinda? Niambie, nitanunua hilo.

MWANAO,
ROWENA

Moonta, 2 Novemba

Mwanangu Rowena,

Salamu kutoka kwenye vumbi la mavuno. Leo nimesema kweli nikisema sijambo.

Kwanza, ile ndege. Mama yako alijua. Aliipigia simu kampuni ya ndege yenyewe kuulizia, unamjua. Akaniambia nisikuulize kamwe, na kwamba yeye pia asingetaka kujiona vile. Mimi nilikuwa na hasira mwaka mmoja. Halafu hasira ikaisha chaji yenyewe, na hakuna aliyekuja kuichaji. Sina la kukuuliza. Njoo ule.

Pili, gari. Nimefikiri wiki mbili, na kwangu mimi hizo ni dakika mbili. La Wajerumani ni zuri kuliko yote, achana nalo. La Waswidi nililipenda, achana nalo pia. Chukua la Wakorea, lenye mlio wa nzi kwenye chupa.

Najua nilisema gari la heshima halijitangazi. Niliyasema hayo nikijifanya naona. Haya mengine yanakuja kimya kabisa, Rowena. Hata mleta barua siku hizi amepewa kichombo cha umeme, anapita, anaacha barua yako sandukuni, nami niko hapohapo barazani sina habari. Sitaki uje umbali wote ule halafu unipite bila mimi kujua.

Rangi chukua upendayo. Hata kama si jekundu, niambie ni jekundu.

Ukitoka tarehe kumi na nane utafika ishirini na moja. Usikimbie, kangaruu hawana leseni. Mimi nitakuwa getini tangu asubuhi, nimeketi kwenye kiti cha mama yako. Na ukiniona nimekuinulia kidole, usidhani nimekuona. Siku hiyo nitamwinulia kila anayepita. Wewe simama tu.

Ni mimi babako,
Desmond