Isale Kati Yangu na Frednand

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi, ukungu hadi saa tatu. Nimeanika kahawa debe nne — nyekundu tupu, hakuna hata punje ya kijani. Maharage yamebaki kipande kidogo kung'oa. Mwaka huu sina la kulalamika.

Tangazo ofisi ya kijiji: wapima ardhi wanafika Lukole Jumanne ijayo. Hati ya kimila itatoka kwa jina langu mwenyewe. Si la marehemu mume wangu Anold, si la ndugu zake. Nimelisoma mara mbili. Mara tatu!

Benedicta kapiga simu kutoka chuoni Mwanza. Wenzake wakisikia Ngara wanamuuliza kama alizaliwa kambi ya wakimbizi. Amechoka kueleza. Nimemwambia awajibu kwamba mama yake ana kahawa.

Jumatano, 18 Juni

Mgeni! Esperansia, Mrundi wa Muyinga, amevuka mpaka wa Kobero asubuhi. Miaka thelathini na mitano. Kijijini wamemwelekeza kwangu kwa kuwa mimi ndiye mwenye daftari, naandika kila kitu. Kirundi chake na Kihangaza changu vinaelewana bila taabu.

Anatafuta kaburi la mama yake. Alifia hapa kambini mwaka 1999, yeye akiwa na miaka tisa. Anakumbuka kichuguu, korongo upande wa chini, na isale, ule mmea wa majani marefu, ambalo baba yake alilipanda kichwani pa kaburi.

Nilijua palepale. Chai ikanimwagikia mezani.

Isale hilo ndilo mpaka wangu na jirani yangu Frednand. Kambi ilipofungwa na kijiji kikatugawia mashamba, tulilikuta limesimama peke yake kwenye nyasi. Kwetu isale hupandwa mpakani, na kaburini pia hupandwa. Sote tuliona mpaka. Hakuna aliyeuliza nani alilipanda. Frednand alitaka mpaka uwe kichuguu, hatua kumi na mbili ndani ya shamba langu. Anold akasema isale halina upande. Mwenyekiti akakubali, Frednand akanyamaza. Katikati ya isale na kichuguu nina mibuni arobaini na mitatu. Ndiyo inayozaa kuliko yote.

Nimemwambia mgeni nitaulizia. Nitaulizia — kwa nani?

Alhamisi, 19 Juni

Tumekaa uani na mgeni tunapukuchua maharage. Nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: miaka ile mimi naikumbuka kwa utamu. Biskuti ngumu za msaada. Malori. Makopo ya mafuta tuliyoyageuza ndoo. Mama aliuza ndizi kambini, akaezeka bati, akanilipia ada hadi kidato cha nne. Vita vya kwao ndivyo vilivyonisomesha. Naona aibu hata kuandika.

Hakununa. Kacheka!

"Nyie na ndizi zenu! Chane moja kwa mahindi ya wiki nzima. Mama alikuwa anawaita majambazi."

Nikasema huenda jambazi mwenyewe alikuwa mama yangu. Tulicheka hadi kuku wakakimbia.

Halafu nikainuka, nikapangusa gauni, nikamwambia twende.

Ijumaa, 20 Juni

Jana sikuweza kuandika yaliyofuata. Alipiga magoti, akashika majani ya isale kama mtu anayeshika mkono. Akampa mama yake habari za wajukuu, mmoja baada ya mwingine, na nani ana meno mabaya. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Leo amerudi Muyinga kuwachukua kaka zake. Watafika Jumatano. Kabla ya kupanda gari aliniuliza kama nitamtunzia mama. Nikasema ndiyo.

Frednand alituona. Kauliza yule ni nani. Nikasema mgeni wangu. Basi.

Jumapili, 22 Juni

Misa. Nilikaa nyuma ya Frednand, sikusikia mahubiri, nilitazama kisogo chake tu. Nikisema pale ni kaburi, mpaka wangu hauna tena ushahidi. Nikinyamaza, hakuna anayejua. Upimaji ni keshokutwa.

Alinisalimia vizuri mlangoni. Akanisifia kahawa.

Jumanne, 24 Juni

Naandika haraka, wananisubiri shambani.

Mpimaji ni Swabaha, dada wa Biharamulo mjini, kwao ni watu wa maduka. Mcheshi kweli. Anasema alipopangiwa Ngara mama yake alitaka kumfungia ndani — kwa wakimbizi na majambazi!

Frednand akamrukia: "Dada, mabasi si yalitekwa kwenye pori la kwenu?"

"Kwetu walikuwa wanapita tu, mzee wangu. Kulala walilala kwenu."

Tukacheka sote. Tukafika kwenye isale. Frednand mwenyewe akasema mpaka ni hapa, andika. Moyo ukanitulia. Kumbe wanafukia nguzo ya zege! Shimo la kina cha goti. Fundi wao akainua sururu —

"Acha! Amelala mtu hapo."

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Nikaeleza yote. Frednand akasema: kumbe miaka yote hii tunagombania juu ya mtu. Halafu akageuka kutazama kichuguu. Na mibuni yangu.

Swabaha akasema suala la mpaka tukubaliane wenyewe, yeye anaandika. Ila kaburi lazima liwe kwenye mchoro. Jina la marehemu?

Sikulijua! Binti yake kalala kwangu siku mbili, kala maharage yangu, sikumuuliza. Nimekimbilia nyumbani kuchukua simu. Esperansia amepokea. Niyibizi Skolastika. Nimeliandika hapa kwanza, kisha nitampelekea Swabaha.

Dirishani namwona Frednand. Ametoka kwenye isale anapima kwa hatua kuelekea kichuguuni. Amefika kwenye mbuni wa kwanza. Amesimama. Amerudi.

Ananiita kwa nguvu. Anasema nije na panga, upande wake wa kaburi una magugu, hao wageni wa kesho wasije wakamwaibisha.

Nimemuuliza kutoka dirishani: na mpaka?

"Njoo kwanza, mama Benedicta. Njoo kwanza."