Ile Sauti ni ya Mama Yetu

Mwaka mmoja umetimia sasa, Mama, tangu nyumba hii ibaki bila sauti yako. Tunasema nyumba hii, kwa sababu hospitalini bado unaongea kila asubuhi.

Wenzako walipokuaga kwenye jarida lao walijaza ukurasa mzima. Makala zako zote za mishipa ya fahamu, zote za upasuaji wa kichwa na shingo, zote za watu waliotolewa uvimbe shingoni wakazinduka hawana sauti, na namna ulivyowasaidia kuipata tena. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Ameacha mume na watoto wawili." Basi.

Leo zamu ni yetu. Ulikuwa mtafiti mkubwa. Huo ndio mstari wao, na yote yanayofuata ni yetu.

Ulitushonea sare za shule kwa mshono wa chumba cha upasuaji. Shati lilichakaa lote, mshono ukabaki. Mgeni akikusalimu, macho yako yalikuwa shingoni mwake. "Shemeji, hebu meza mate nikuone." Shemeji anameza mate, chai yake inapoa. Na tukikuita, jibu lilitoka nyuma ya mlango wa chumba chako cha kuandikia: "Nakuja, wanangu. Ngojeni kidogo." Tumekua na maneno hayo. Tulizionea wivu karatasi zile kama watu wanavyomwonea wivu mke mwenza. Lakini ulipotoka, ulitoka mzima mzima, ukaketi sakafuni nasi, na simu ukaizima.

Mwandishi mwenzako, yule daktari mpole ambaye jina lake lilifuata lako kwenye kila makala, tulimbatiza Jina la Pili. Baba alinung'unika, "Mimi nilidhani jina la pili la mke wangu ni langu." Ulicheka ukashika mbavu. Baba hakucheka sana.

Kwa utafiti wenu mmoja mlihitaji sauti nzima, ya kusikilizwa na wagonjwa wakiirudia sentensi kwa sentensi. Ukajifungia na kinasa sauti kwenye kabati la nguo, katikati ya makoti ya Baba, maana hapo tu ndipo palikuwa na utulivu. Kaka, bado mdogo, akagonga: "Mama, viazi vinaungua!" Ukajibu kama kawaida yako, ukaendelea kusoma.

Ulipoondoka, Baba akaanza kwenda kuketi kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi ya sauti. Siku moja mama mmoja mwenye bandeji shingoni akamnong'oneza, "Mzee, umeruka foleni."

"Sina foleni. Huyo anayeongea humo ndani ni mke wangu."

"Ala! Basi hongera. Ananifundisha vizuri."

Baba alirudi amenuna. "Watu baki wanamsikia kila siku, mimi nagombea benchi!"

Kisha Jina la Pili akaja nyumbani kuomba ruhusa: sauti yako ipelekwe hospitali nyingine pia. Tukikataa, wangeacha kuitumia kabisa. Kaka akasema, "Wakatafute mama yao."

"Kaka yangu," Jina la Pili akamwambia Baba, "sina sauti nyingine kama hii."

"Na mimi je, ninayo?"

Ndipo mimi, mwanao wa mwisho, nikauliza, "Kile kipande cha 'viazi vinaungua' kiko wapi?"

"Tulikikata. Kilikuwa kelele tu."

"Hizo kelele ni sisi."

Baba akainua kichwa. "Kirudisheni. Bila hicho, hakuna ruhusa."

"Wagonjwa watachanganyikiwa."

"Wachanganyikiwe."

Wiki iliyopita tulikwenda sote, tukabanana kwenye lile benchi. Ndani alikuwamo mwanamume aliyetoka kupasuliwa, sauti yake inakwaruza kama msasa. Alirudia kila ulichosema. Mlango wa kabati ukagongwa. Akarudia na hilo, kwa bidii zote: "Mama, viazi vinaungua." Tulicheka hadi muuguzi akatutolea macho.

Halafu ukajibu, na yeye akakufuata. Mara ya kwanza neno lilikatika. Akajaribu tena, safari hii likatoka zima: "Nakuja, wanangu. Ngojeni kidogo."

Baba, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaujibu mlango: "Haya."

Unakumbukwa na mumeo, mwenye makoti. Na mwanao mkubwa, aliyeunguza viazi. Na mwanao wa mwisho, aliyeandika haya. Na mama yako, ambaye hadi leo humeza mate akipita mbele ya picha yako. Na dada zako wote. Jina la Pili ameomba awekwe. Tumemweka, mwishoni.

Tumekugawa hadi hapo, Mama, hatuongezi. Kukusahau hatuwezi kamwe. Tunangoja.